Wewe Ndiye Senge Dabani?

 

Nina kisa cha simu iliyolia Dabani, upande wa Uganda wa mpaka wetu wa Busia, asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 2020, wiki chache kabla korona haijaufunga mpaka huo. Ililia nyumbani kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye sisi Wasamia tunamwita senge. Aliolewa Dabani zamani, kabla mimi sijazaliwa. Simu yake ni ile ndogo ya vibonye, yenye tochi kichwani. Haina intaneti wala programu ya kupakua. Senge hajawahi kubofya neno "Nakubali" maishani mwake. Lishike hilo, msikilizaji, maana nitalirudia.

Alikuwa uani anaanika mihogo. Akapokea. Ikaja sauti ya msichana, Kiswahili cha Nairobi, kwa haraka: "Wewe ndiye Senge Dabani?"

Hapo panataka maelezo. Katika dunia nzima hakuna mtu anayeitwa Senge Dabani. Kitambulisho chake kina jina lingine. Padre anamjua kwa jina la ubatizo, na majirani wanamwita mama wa mtoto wake wa kwanza. Senge Dabani ni jina lililokuwa mahali pamoja tu: ndani ya simu ya ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayefanya kazi Bungoma. Yeye ana mashangazi wawili, mmoja aliolewa Dabani na mwingine Funyula, kwa hiyo ili asiwachanganye aliwaandika hivyo, Senge Dabani na Senge Funyula. Basi senge aliposikia jina hilo kutoka kinywani mwa mgeni, alijua moja kwa moja kwamba kuna msiba. Nani mwingine angelijua jina hilo, kama si mtu aliyeshika simu ya kijana huyo pembeni ya maiti yake? Akakaa chini, pale pale kwenye mkeka wa mihogo.

Kumbe ni deni. Kijana alikopa shilingi 3,500 za Kenya kwa simu, siku zimepita hajalipa. Mwambie alipe leo, yule msichana alisema, la sivyo tutawapigia watu wake wote wajue ni mtu wa aina gani. Kisha akakata.

Senge hakumwambia mtu kwa siku tatu. Nilipovuka Jumapili kwenda kumsalimu, alinipa chai, akasubiri watoto watoke, ndipo akanieleza kwa sauti ya chini kana kwamba yeye ndiye aliyekopa. Mwishoni akauliza swali moja, na ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Hakuuliza habari za pesa. Alisema, "Mwana wa kaka yangu, yule msichana alinijuaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimtafuta ndugu yangu, akanipa simu yake bila ubishi, tukaitafuta ile karatasi ambayo kila programu na kila tovuti huwa nayo, imefichwa chini kabisa kwa herufi ndogo: sera ya faragha. Hiyo ndiyo karatasi ambamo kampuni inaeleza itachukua nini kutoka kwako, itakifanyia nini, na itampa nani. Ilikuwa kwa Kiingereza cha mawakili, ndefu kama barabara ya kwenda Majanji. Mimi kazi yangu ni kusoma na kusema, na bado kuna sentensi nilizorudia mara tatu. Lakini jibu la senge lilikuwemo. Karibu na katikati, palisemwa kwamba kampuni inaweza kuchukua orodha ya majina na namba zilizomo katika simu ya mkopaji ili kupima kama anaaminika, na kwamba inaweza kuwasiliana na watu hao akichelewa kulipa. Kampuni siitaji, maana shida si yake peke yake. Miaka ile zilikuwa nyingi zilizofanya hivyo.

Sasa fikiria namna "Nakubali" ile ilivyobofywa. Ilikuwa saa tano usiku, mtoto ana homa, dawa haijanunuliwa, na kitu pekee kilichosimama kati ya baba na shilingi 3,500 ni kibonye kimoja cha kijani. Asome kurasa? Na hata angesoma, angekataa? Kwa kidole kimoja ndugu yangu alikubali kwa niaba ya watu zaidi ya 400 waliokuwa katika simu yake: mwalimu wake wa zamani, fundi wa baiskeli, mkwe, katekista, na mwanamke wa Dabani ambaye hana hata simu ya intaneti. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kampuni ile ilikuwa inadai deni la shilingi 3,500 kwa ukali wote. Lakini yenyewe ilikuwa na deni kubwa kuliko hilo, kwa sababu sera ya faragha ni ahadi, na juu ya ukurasa ule, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa kwamba faragha yako ni muhimu kwetu.

Ni haki niseme kwamba mambo hayakubaki pale. Desemba 2021 Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu ili kampuni za mikopo ya simu ziwe chini ya leseni, na kanuni zilizotoka Machi 2022 zikakataza kutumia orodha ya namba za mkopaji kuwatumia watu wake ujumbe anapochelewa. Google nayo ikazuia programu za mikopo kufikia orodha ya namba na picha za mteja, kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Na Septemba mwaka huo huo, Kamishna wa Data wa Kenya, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya majina na namba zilizotumika kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia senge. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hao watu waliopigiwa, wameombwa radhi?"

Hebu nitoke kwenye mikopo kidogo, nirudi barabarani, maana sisi watu wa mpaka tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani.

Neno boda boda, ambalo sasa liko Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na kila mahali, lilizaliwa hapa petu, Busia na Malaba. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walianza kuwabeba watu kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na cha Kenya, kwa sababu katikati palikuwa na kipande kirefu cha kutembea na mzigo kichwani. Walikuwa wanaita kwa Kiingereza chao, mpaka hadi mpaka, boda boda. Kiti cha nyuma kilikuwa na mto wa sponji ulioshonewa kitambaa chenye maua.

Yule kijana wa baiskeli alijua mambo mengi. Alijua mama fulani amebeba nini chini ya magunia ya mahindi. Alijua nani anavuka kila Ijumaa na kurudi Jumapili, na analala wapi. Alijua nani amekwenda hospitali bila mumewe kujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye ndiye alikuwa kata. Lakini watu walimpandia, tena walimchagua kwa jina. Kwa nini? Si kwa sababu hakuwa anajua. Alikuwa anajua kila kitu! Walimchagua kwa sababu walijua mambo yao yanaishia wapi. Yalipanda baiskeli pale na kushuka pale. Akianza kuyapeleka kwa askari wa forodha, au kwa wakwe, au kwa mfanyabiashara mshindani, habari ilienea kijiweni kabla jua halijazama, na kesho yake alikaa juu ya baiskeli yake peke yake, hana abiria. Nami nimefika mahali pa kuamini kwamba imani ya mteja haikai katika swali la "unajua nini juu yangu?" Inakaa katika swali la "unamwambia nani?"

Sasa mtazame mjukuu wa baiskeli ile. SafeBoda, programu ya simu ya kuitia boda boda za pikipiki, ilianza Kampala katikati ya miaka ya 2010, na ilileta mazuri ambayo sitaki kuyafuta: kofia ngumu mbili, madereva waliofunzwa, makoti ya rangi ya machungwa, na jina la dereva kwenye simu yako kabla hujapanda. Mzazi alimpandisha binti yake usiku akiwa na amani. Ilikuwa imani ya Busia, ile ile ya kumjua anayekubeba, imerudishwa kwa njia ya programu. Ndiyo maana liliniuma lile lililofuata. Mwaka 2020 shirika la kutetea haki za kidijitali la Uganda, Unwanted Witness, lilieleza kwamba taarifa za abiria zilikuwa zinapelekwa kwa kampuni nyingine. Mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, NITA-U, ilichunguza, na mapema mwaka 2021 ikatoa matokeo: SafeBoda ilikuwa inampa CleverTap, kampuni ya kigeni inayochambua mienendo ya wateja, taarifa za watumiaji wake, yakiwemo majina, namba za simu na anwani za barua pepe, bila watumiaji hao kuelezwa ipasavyo. Iliagizwa irekebishe na iweke wazi katika sera yake ni nani wanaopewa taarifa hizo.

Kuna watakaosema, hilo nalo ni kosa? Kampuni zote zinafanya hivyo, zinatafuta kujua wateja wanapenda nini ili ziboreshe huduma. Sawa, huenda. Lakini abiria hakupanda na CleverTap. Hakuwahi kulisikia jina hilo. Alidhani amepanda na dereva mmoja, kumbe nyuma ya kiti palikuwa na mtu wa tatu, ameketi kimya, anaandika.

Nitakupa mfano wa kinyume chake, na sihitaji kwenda mbali. Pale pale Dabani kuna hospitali ya Kanisa Katoliki, iliyo chini ya Jimbo Kuu la Tororo. Mwanamke akifika wodi ya wazazi anaulizwa mambo ambayo hajawahi kumwambia hata dada yake: mimba ngapi, ngapi zilitoka, kipimo cha ukimwi kilisemaje, mume ana wake wangapi. Na anajibu. Hakuna sera iliyobandikwa ukutani inayomshawishi ajibu. Anajibu kwa sababu anamwona anayeuliza, anaelewa kwa nini anaulizwa, na anatarajia kwamba faili litarudi kabatini. Kampuni za mtandao zinatuuliza mambo madogo kuliko hayo, tena nyingine hazituulizi kabisa, zinachukua tu, na bado tunakaa roho juu. Kilichopungua ni uso wa anayeuliza, sababu ya kuulizwa, na kabati.

Na mtu asipoyaona hayo, hata ukweli hauaminiki. Unakumbuka Januari 2021, WhatsApp ilipotutumia ule ujumbe kwamba ukubali masharti mapya kabla ya tarehe 8 Februari la sivyo utakosa huduma? Makundi ya kanisa, ya ukoo, ya chama cha akina mama, yote yaliwaka moto. Watu wakasambaziana kwamba Facebook sasa itasoma ujumbe wetu. Haikuwa hivyo. Mazungumzo kati ya mtu na mtu yalibaki yamefungwa, na mabadiliko yalihusu zaidi mawasiliano na biashara na mambo ya kupeana taarifa ndani ya kampuni. Lakini nani angejua? Masharti yalikuwa marefu na mazito. Mamilioni duniani wakapakua Signal na Telegram, na WhatsApp ikasogeza tarehe hadi 15 Mei. Waliowacheka waliokimbia nawaona wamekosea. Mtu akikupa karatasi usiyoweza kuisoma na kukwambia tia sahihi au toka nje, kukimbia ni akili.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walipiga hesabu: mtu wa kawaida wa huko akitaka kusoma sera ya faragha ya kila tovuti anayoitembelea kwa mwaka mmoja, atatumia zaidi ya saa 200. Hiyo ni 2008, kabla simu za intaneti hazijatujaa mifukoni. Na hao ni watu wanaosoma kwa lugha ya mama yao.

Sisi je? Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kenya kimo katika katiba ya 2010 kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Sokoni Sofia, hapa mpakani, mwuzaji anakuuzia kwa Kiswahili, anabishana nawe kwa Kisamia, anamwita mchukuzi kwa Ateso. Tangazo la mkopo linakuja kwa Kiswahili kitamu kabisa: "Pata pesa sasa hivi!" Kisha ukifika mahali pa kuelezwa watachukua nini kwako, Kiswahili kinakwisha ghafla. Baadhi ya kampuni kubwa za kigeni zimeweka masharti yao kwa Kiswahili, na nyingi za kwetu wenyewe bado hazijaweka. Hapo ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa. Mtu anayejua lugha yako vizuri kiasi cha kukuuzia, akisahau lugha hiyo siku ya kukueleza haki yako, hajasahau. Amechagua.

Na sheria inamtaka akueleze. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019, Uganda Februari na Kenya Novemba. Tanzania ilifuata mwaka 2022, na sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Uganda inasema kabla mtu hajachukua taarifa zako akwambie ni nani anayechukua, kwa sababu gani, kama ni lazima au hiari, nini kitatokea ukikataa, nani watapewa, na zitakaa kwa muda gani. Na ridhaa, kwa sheria zote mbili za pande zetu, ni ile iliyotolewa kwa hiari na kwa jambo mahususi, mtu akiwa amepewa maelezo. Ukiyapima maneno hayo kwa ile "Nakubali" ya saa tano usiku, sioni inapita wapi.

Ngoja sasa niguse jambo la mpaka, maana huko Nairobi na Kampala hawalifikirii sana. Wengi wetu tuna laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Mteja anakulipa kwa M-Pesa asubuhi, jioni unamtumia mtoto karo kwa MTN au Airtel. Tangu tarehe 24 Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja hapa Busia, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja na unahudumiwa mara moja tu. Ni jambo jema sana. Lakini taarifa zetu nazo zinavuka, na hazipangi foleni. Senge ni raia wa Uganda, anaishi Uganda, jina lake lilichukuliwa Bungoma na likatamkwa Nairobi. Alalamike wapi?

Nimeliuliza hilo kwa wanasheria wawili, nikasoma mwenyewe pia. Sheria ya Uganda haiishii kwenye kizuizi cha barabara: inamhusu hata aliye nje ya nchi anayekusanya taarifa za raia wa Uganda. Na Julai 2025 ofisi ya Uganda ya kulinda data ilionyesha kwamba maneno hayo hayakuandikwa bure, ilipoamua, kufuatia malalamiko ya Waganda wanne, kwamba Google inapaswa kujisajili kwake kama wengine wote. Kwa upande wa Kenya, Kamishna anapaswa kumaliza kuchunguza lalamiko ndani ya siku 90. Kwa hiyo senge ana milango miwili, na anaweza kugonga wowote. Tatizo ni kwamba hadi leo sijakutana na mwanamke hata mmoja wa Dabani, Buteba au Masafu aliyeambiwa kwamba milango hiyo ipo.

Na kuhusu adhabu niseme wazi ninavyoona. Uganda mahakama inaweza kuitoza kampuni hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Kenya faini ya Kamishna ni hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kilicho kidogo! Ulaya sheria yao inachukua kilicho kikubwa. Kwa kampuni inayoingiza mabilioni, milioni 5 ni nauli. Wabunge wetu wa Busia, Teso na Samia wananisikia, nawaomba neno hilo moja walibadilishe.

Nimebakiza jambo moja, nalo mzizi wake hauna hata intaneti ndani yake.

Juni 2021 Wakenya waliingia katika tovuti ya serikali kuangalia kama wameandikishwa katika chama cha siasa. Maelfu wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia, jina na namba ya kitambulisho vikiwa sahihi kabisa. Namba zilitoka wapi? Watu wengi waliuliza, na wengi walinyoosha kidole kwenye madaftari: lile la mlinzi wa lango unapoingia jengo, na lile la wakala wa pesa. Unalijua. Daftari kubwa la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Na unapoandika ya kwako unaona ya wote waliokutangulia tangu asubuhi: jirani yako katoa ngapi, mwalimu mkuu katuma ngapi.

Sisi wenyewe tunafanya hivyo, tukiwa tunalalamikia kampuni za California. Daftari lile halina sera ya faragha. Na likijaa? Hapa mpakani nimewahi kufungiwa njugu kwa ukurasa wenye majina ya watu na kiasi walichotoa. Nilikaa nao mkononi nikiwa sijui niutupe au niuchome. Niliuchoma.

Wiki iliyopita nilivuka tena Dabani. Senge alitaka kutoa pesa alizotumiwa na mwanawe, nikamsindikiza hadi kwa wakala, kibanda cha mbao kando ya barabara, kijana mpole mwenye heshima. Akampa daftari. Senge amejifunza kuandika jina lake ukubwani, anaandika polepole, akiikandamiza kalamu. Kabla hajaanza, alivua leso yake ya begani, akaikunja, akafunika mistari yote ya juu, akaacha wazi ule mmoja wake. Kijana akamtazama, hakusema kitu. Senge akaandika, akatia sahihi, akahesabu pesa zake. Kisha akamwuliza, kwa upole, kama anavyouliza mambo yote:

"Baba, daftari hili likijaa unalipeleka wapi?"

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Akainama, akatazama chini ya meza, na mimi nikatazama pia. Yalikuwepo matano, yamepangwa juu ya debe la mafuta, la juu kabisa limechanwa kurasa za mwanzo. Alilivuta lile, akalishika kwa mikono miwili. Tulipoondoka bado alikuwa amelishika.